Mwezi Uliandama, Nyama Ingali Barafu: Uchambuzi wa Karamu ya Idi ya Watu 42

Kisa hiki kilitokea nyumbani kwa dada yangu, mtaa wa South C jijini Nairobi, usiku wa kuamkia Idi ya Mfungo Mosi na siku yenyewe ya Idi. Walioalikwa kula chakula cha mchana, wenyeji wakiwemo, walikuwa watu 42: wakubwa 28 na watoto 14. Chakula kilipangiwa saa nane, kikaandaliwa saa tisa na robo. Kilikuwa kitamu, hakuna aliyeugua, na wageni waliondoka wakimwombea mwenyeji dua. Kwa wengi habari iliishia hapo. Mimi niliyekuwa jikoni tangu magharibi ya siku iliyotangulia nina sababu ya kuifungua tena, kwa kuwa usiku ule watu sita hawakulala na kilo 12 za nyama nusura ziharibike, na chanzo chake kilikuwa uamuzi mmoja uliofanywa na mtu ambaye ni hodari wa kupika kuliko sisi sote.

Kwanza nitoe haki kwa yale yaliyofanywa sawasawa, kwa sababu si machache. Dada alimhesabu kila mtoto kuwa nusu ya mtu mzima, akapata walaji 35. Kilo moja ya mchele wa biriani hutosha watu wanane wanaokula kwa nafasi, kwa hiyo walaji hao walihitaji kilo nne na nusu hivi; akaongeza kilo moja na nusu kwa ajili ya sahani za majirani na za wale jamaa ambao kila Idi hawaondoki bila mkebe, akafikia kilo sita. Nyama ya mbuzi, pamoja na mifupa yake, aliipimia gramu 340 kwa mlaji, ikawa kilo 12. Kando ya biriani palikuwa na kuku sita wa kupaka, sambusa 150, kachumbari, kaimati, sharubati ya ukwaju lita kumi na matikiti maji matatu.

Mchele alichagua basmati wa Pakistan badala ya pishori wa Mwea, na sababu aliyoitoa ni ya mtu anayeijua kazi: pishori hunukia vizuri zaidi, lakini punje zake ni laini, na kilo sita zikilaliana katika sufuria moja zile za chini hubondwa na uzito wa zile za juu. Vitunguu kilo nne alivikaanga siku tano kabla, kidogo kidogo, maana vitunguu vikijazana kwenye mafuta hutoa maji na kujichemsha badala ya kukauka. Vilipogeuka rangi ya kahawia alivitandaza vipoe, kisha akavifungia kwenye mkebe usiopitisha hewa. Sambusa zilikunjwa mapema na kugandishwa mbichi, kwa kuwa sambusa hukaangwa vizuri zikitoka friza moja kwa moja. Yeyote aliyewahi kukaanga kilo nne za vitunguu asubuhi ya Idi, huku amevaa nguo mpya, anajua thamani ya hatua hiyo.

Nyama ndiyo iliyotuponza. Ilinunuliwa soko la Burma tarehe 25 Ramadhani, kabla bei hazijapanda kwa ajili ya sikukuu, ikakatwa vipande papo hapo. Dada aliigawa katika ndoo mbili za plastiki zenye vifuniko, zile ambazo huuziwa mafuta ya kupikia, kilo sita kila moja, akazitia katika friza yake ndogo ya kufungukia juu. Mpango wake ulikuwa kuzihamishia kwenye friji siku ya 29 baada ya futari, ziyeyuke polepole usiku huo na siku nzima ya 30, halafu usiku wa kuamkia Idi nyama iungwe kwa mtindi, thomu, tangawizi na viungo.

Mpango huo ulisimama juu ya dhana kwamba mwezi ungetimia siku 30. Mwezi wa Kiislamu huwa wa siku 29 au 30, na hapa kwetu Kenya watu husubiri jua la siku ya 29 lizame, kisha wasubiri tangazo la Kadhi Mkuu. Wapo pia wanaofuata mwandamo wa Saudia. Katika orodha ya dada walikuwamo wageni tisa wa namna hiyo, na bahati nzuri mara hii miandamo miwili iliafikiana, la sivyo wangefika kwetu wakiwa wamekwisha kula Idi yao jana. Kalenda iliyoning'inia ukutani ilikuwa imeandika Ramadhani ya siku 30, na dada, ambaye katika mambo mengine haamini chochote kilichochapishwa, safari hii aliiamini.

Saa mbili kasoro usiku wa siku ya 29, tukiwa bado na mabaki ya futari mezani, simu zilianza kulia nyumba nzima. Mwezi umeandama. Watoto walipiga vigelegele. Dada alisimama, akaenda kwenye friza, akafungua kifuniko, akakaa anaangalia.

Hapa inafaa kuuliza kwa nini nyama haikuhamishwa mapema, siku ya 28, kwa tahadhari. Nilimuuliza dada baadaye, akaniambia kwamba siku ya 28 alifungua friji kwa nia hiyohiyo, akakuta haina nafasi. Ndani mlikuwa na ndoo mbili za ukwaju, lita tano kila moja, na matikiti mawili. Akafunga mlango, akajiambia kuwa siku ya 29 haiko mbali. Hivyo, ukiifuata sababu hadi mwisho wake, huikuti kwenye kalenda wala kwenye mwezi, bali unaikuta kwenye tikiti maji, tunda ambalo likiwa zima hukaa sakafuni siku kadhaa bila kudhurika, na kwenye maji ya ukwaju ambayo yangeweza kubanwa yakawa lita mbili za rojo nzito ya kuongezwa maji siku ya karamu. Baridi ya friji ndiyo iliyokuwa bidhaa adimu kuliko zote katika nyumba ile, na ilikuwa imepangishwa kwa vitu visivyoihitaji.

Jambo la pili ambalo dada hakulipima ni kwamba makosa mawili yaliyowezekana hayakuwa na bei moja. Kama angehamisha nyama siku ya 28 na mwezi usiandame siku ya 29, nyama iliyoyeyuka ingelala kwenye friji siku moja zaidi katika baridi isiyozidi nyuzi 5 za Selsiasi, na isingedhurika kwa lolote. Kukosea kwa kutangulia kulikuwa karibu bure. Kukosea kwa kuchelewa kulitugharimu usiku mzima, tena usiku ambao tayari una kazi zake: zakatul fitri, ambayo ni lazima imfikie mwenye haki yake kabla ya swala ya Idi, hina ya wasichana, nguo za kupiga pasi, na tambi na mkate wa mayai wa asubuhi. Katika shughuli yoyote ambayo tarehe yake haijulikani hadi jioni ya mwisho, naona busara ni kupanga kana kwamba siku ya karibu ndiyo yenyewe. Nyumba yetu ilipanga kwa siku ya mbali kwa sababu ndiyo iliyompa mpangaji nafasi ya kupumua.

Dakika arobaini za mwanzo zilipotea katika mabishano. Mjomba alitaka twende Eastleigh, ambako usiku kama huo maduka huchelewa kufungwa, tununue nyama nyingine. Dada alikataa kulipia nyama mara mbili, na sidhani alikosea, kwani bajeti ilikuwa imekwisha. Wakati huo binamu yangu, kwa nia njema kabisa, alikwisha kumimina chupa nzima ya maji moto juu ya nyama ya ndoo ya kwanza. Shangazi, aliyekuwa amewasili kutoka Mombasa siku mbili kabla, alisikia sauti ya maji akaingia jikoni. "Wacha, mwanangu, wacha," alisema. "Unaipika nje, ndani ingali jiwe." Na kweli, sehemu ya juu ilikuwa imegeuka rangi ya kijivu kwa kina cha nusu kidole, na chini yake barafu haijajua kama kuna lililotokea.

Kuanzia hapo uongozi ulihamia kwa shangazi, naye aliuendesha kwa utaratibu ambao ninauandika kwa ukamilifu kwa sababu unafaa. Ndoo zilifungwa vifuniko, zikatumbukizwa katika mabeseni ya maji baridi yaliyofika karibu na ukingo, na maji yakabadilishwa kila nusu saa. Maji baridi huyeyusha haraka kuliko hewa ya jikoni kwa kuwa hupeleka joto vizuri zaidi, na kwa kuwa ni baridi hayaiachi nyama ya nje ikae kwenye uvuguvugu ambamo vijidudu huzaliana huku ya ndani ikisubiri. Baada ya saa moja hivi kingo zililegea, na nyama ikatoka nzima katika umbo la ndoo, kama mkate uliopinduliwa, ikiwa na chembe za barafu zilizonata ubavuni. Shangazi aliifunika kwa kitambaa safi, akashika mchi wa kinu, akaigonga mara tatu pale vipande vilipokutana. Ilipasuka mabonge manne. Mabonge yakaingizwa katika mikebe yenye vifuniko, yakarudi majini, na kila nusu saa yaligongwa tena hadi yakawa vipande.

Kupasua ndiko kulikookoa saa zetu. Muda wa barafu kuyeyuka haulingani na uzito wake tu bali hutegemea unene: unene ukiongezeka mara mbili, muda hukaribia kuongezeka mara nne. Nyama ileile, kama ingegandishwa katika vifurushi bapa vya kilo moja moja, vyenye unene wa vidole viwili, ingeyeyuka kabla ya swala ya Isha kwisha. Ndoo ilichaguliwa kwa sababu ina kifuniko na inapangika vizuri ndani ya friza, na hakuna aliyefikiria jinsi itakavyotoka.

Gharama ya njia hii ni maji, na siku hiyo haikuwa siku ya mgao wetu. Mfereji ulikuwa mkavu na tegemeo letu lilikuwa tangi la lita 500. Mabeseni mawili ya lita 15, yakibadilishwa mara nane, yalimeza lita 240. Hatukuyamwaga. Yaliingia kwenye ndoo za chooni na za kupigia deki, jambo ambalo watu 42 wa kesho yake walilihitaji bila kujua. Saa sita na nusu usiku nyama yote ilikuwa vipande vilivyoachana, bado baridi mkononi, ikaungwa mtindi na viungo na kurudishwa kwenye friji, ambayo sasa ilikuwa imetolewa matikiti. Binamu alipendekeza papai bichi ili kufidia muda uliopotea. Shangazi alikataa, kwa sababu papai bichi hulainisha nyama kwa kuivunjavunja, na likiachwa hadi asubuhi hufanya vipande kuwa uji kwa nje.

Ingeonekana kwamba tatizo limekwisha, na sisi tuliamini hivyo tulipokwenda kuswali Idi katika uwanja wa Sir Ali Muslim Club. Tulirudi saa tatu na nusu, tukanywa chai kwa tambi, na saa nne nyama ikawekwa kwenye jiko la makaa uani. Shangazi alikadiria saa moja na nusu. Ilichukua saa mbili na robo.

Shangazi hakukosea, alikuwa akipika kwa saa ya Mombasa. Nairobi iko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Sufuria inaweza kutokota kwa vurugu zote unazotaka, lakini joto ndani yake halipandi zaidi ya hapo, na nyama ya mbuzi, ambayo ulaini wake hutokana na kano kuyeyuka taratibu kwa joto, huchelewa. Dawa yake ni sufuria ya presha, ambayo hupandisha joto la kuchemka, na ilikuwepo kabatini. Lakini ya lita saba haiwezi kubeba kilo 12 isipokuwa kwa mafungu matatu, na kwa mafungu matatu ingepaswa kuanza kabla ya swala. Mpishi mgeni anapokabidhiwa jiko la nyumba isiyo yake, huwa anaambiwa chumvi iko wapi, haambiwi maji ya huku yanachemkaje.

Hata hivyo si nyama iliyotuchelewesha hadi saa tisa na robo. Nyama iliiva saa sita na robo. Ni wali.

Biriani ya namna yetu huchemshiwa wali wake katika maji mengi ya chumvi hadi punje zikaribie kuiva, kisha huchujwa na kupangwa juu ya rojo. Kilo sita zilihitaji zaidi ya lita 30 za maji, na hapakuwa na sufuria ya ukubwa huo, kwa hiyo ulipikwa kwa mafungu mawili ya kilo tatu, lita 18 za maji kila fungu. Sasa zihesabu sehemu za moto: jiko la gesi lina vichomeo vinne, lakini sufuria kubwa ikikaa huziba viwili, na jiko la makaa lilishikwa na nyama. Kati ya saa tano na saa sita kichomeo kikubwa kilikuwa na mafuta ya sambusa, kwa kuwa wageni wa kwanza walifika mapema na haikuwa adabu kuwakalisha mdomo mtupu, na kingine kikubwa kilikuwa na tui la kuku. Maji ya wali yalipata moto saa sita kamili. Kila mtu alidhani yangechemka kwa robo saa, kama ya chai. Lita 18 juu ya kichomeo cha nyumbani zilichukua saa moja na robo.

Na fungu la kwanza lilipoiva, mpwa wangu, kijana mwenye nguvu na utiifu, aliambiwa "chuja", akabeba sufuria hadi uani, akachuja kwa ustadi, na lita zote za maji ya moto yenye chumvi zikaenda mtaroni. Wali ungeweza kuchotwa kwa kijiko chenye matundu na maji yakabaki jikoni yakingojea fungu la pili. Hakuna aliyemwambia. Tulianza upya, safari hii tukisaidiwa na birika la umeme lililojazwa tena na tena, na fungu la pili likachujwa saa nane na nusu. Baada ya hapo wali ulipangwa juu ya rojo, ukanyunyiziwa zafarani na vile vitunguu vya kahawia, ukafunikwa na kupaliwa makaa juu ya kifuniko kwa nusu saa.

Kwa maoni yangu kosa la siku ya Idi na kosa la usiku wake ni ndugu. Dada alihesabu walaji kwa uangalifu ambao sijauona hata kwa wapishi wa harusi, lakini hakuhesabu moto, baridi wala maji. Karatasi yake ilikuwa na safu ya vitu na safu ya kilo. Haikuwa na safu ya saa wala ya jiko. Kama ingekuwa nayo, angeona mara moja kwamba saa sita mchana vitu vinne vinagombea vichomeo viwili, na sambusa zingekaangiwa kwa jirani, ambaye alikuwa amejitolea tangu wiki iliyotangulia na kuambiwa kwa heshima kwamba asijisumbue. Heshima hiyo nayo ninaihesabu miongoni mwa sababu. Nyumba inayoalika huona haya kukopa moto.

Kuchelewa kulikuwa na athari moja tusiyoitarajia: watoto walishiba sambusa na kaimati kabla ya biriani kufika, na chakula kilibaki kingi. Wali wa biriani kilo sita, ukishaiva, hukaribia kilo 18, na ukiachwa katika sufuria yake hubaki na uvuguvugu katikati kwa saa nyingi. Uvuguvugu huo ndio hatari, kwa sababu mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hazifi kwa kuchemshwa, na huamka wali unapopoa polepole. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisizidi saa mbili katika joto la kawaida. Shangazi hakutaja bakteria. Alisema wali hauachwi ukalala ndani ya sufuria kama mgonjwa, akauchota wote na kuutandaza kwenye masinia mapana. Saa kumi na nusu sahani zilikuwa zimekwisha kuzunguka majirani, Waislamu na wasio Waislamu, na kilichosalia kiliingia kwenye friji kikiwa kimepoa.

Kwa Idi ijayo ya Mfungo Mosi dada amefanya makubaliano na mwenye bucha wa mtaani. Ataacha rubuni mwanzoni mwa kumi la mwisho la Ramadhani, na nyama atachukua mbichi usiku ule mwezi utakapoandama, uwe wa 29 au wa 30. Shangazi, kwa simu kutoka Mombasa, hajaridhika: anasema usiku huo mwenye bucha atakuwa na wateja mia walioacha rubuni, na anamtaka dada anunue mapema kama kawaida, agandishe bapa, ateremshe siku ya 28. Hadi naandika haya hawajaafikiana, ila matikiti, wote wawili wamekubali, yatalala chini ya ngazi.